Mluzi wa Bonde la Nyuki

Jumatatu, 8 Machi 1999
Mvua bado. Asubuhi Bwana Melkizedeki ameweka juu ya meza yangu sanduku la kaseti arobaini na moja, na juu ya sanduku kidude cheusi kinachoingia mfuko wa shati. Ni mashine ya kurekodia na kuchezea diski ndogo. Ameachiwa na mgeni wa Kiholanzi pamoja na diski kumi na spika yake.

"Ludo, kaseti zote za Lesian ziingie humu," akasema. "Kila ndege na namba yake. Kundi la Juni likifika, mwongozaji anabonyeza tu, ndege anakuja."

Nikauliza kama mama yake Lesian amearifiwa.

"Kaseti ni mali ya kampuni, bwana. Siku hizi Arusha nzima ina kampuni za utalii. Mgeni hasubiri."

Niandike hapa ili nikisoma baadaye nisichanganye: Lesian alikuwa mwongozaji wetu wa ndege. Jumanne tarehe 24 Novemba mwaka jana alipanda msitu wa Meru kwa upande wa Akheri, peke yake, kutafuta njia mpya ya wageni. Hakurudi. Alitafutwa siku tano, nami nilikuwa miongoni mwa waliomtafuta, nikishika ramani na daftari. Hakuonekana hata kifungo.

Jumatano, 10 Machi
Kaseti ya 1 hadi ya 3. Nimegundua utaratibu wake. Kabla ya kurekodi, Lesian anapiga mluzi kupima sauti: noti tatu, mbili sawa na ya tatu inashuka. Kisha anasema jina la ndege, mahali na saa. Kisha kimya. Kisha ndege.

Sikuwa nimewahi kuusikia mluzi huo. Tulifanya kazi pamoja miaka miwili, lakini yeye alikuwa wa msituni na mimi wa ofisini.

Jumamosi, 13 Machi
Nimeamua mpangilio. Si kwa alfabeti. Mtu aliye msituni hafikirii alfabeti, anafikiria mahali alipo. Diski ya kwanza ni mashamba na kahawa: shore, chozi, dudumizi. Ya pili ni msitu wa chini: hondohondo, kurumbiza, njiwa. Ya tatu ni msitu wa juu. Bundi wana diski yao peke yao. Sauti ya Lesian nitaikata, mgeni haihitaji. Mluzi nitauacha mwanzoni mwa kila ndege, ili mwongozaji ajue mashine imeanza bila kuitoa mfukoni.

Jumatano, 17 Machi
Mvua imeanza saa nane. Kaseti ya 12.

Jumatatu, 22 Machi
Kisioki, aliyechukua nafasi ya Lesian, amekuja kujaribu mashine. Ni Mwarusha kama Lesian, na mdomo wake haupumziki.

"Wachagga bwana! Hata ndege unawapanga kama sabuni za duka."

Nikabonyeza namba 14. Mluzi ukatoka, kisha hondohondo. Kisioki akaacha kucheka.

"Sasa Ludo, unataka nitembee na marehemu mfukoni?"

"Hatujui kama ni marehemu."

"Hilo ndilo baya zaidi."

Nimemtengenezea daftari la kutoa na kurudisha mashine. Ataandika tarehe, njia aliyopita, na kila mahali alipoichezea. Amelalamika lakini ametia sahihi.

Alhamisi, 1 Aprili
Mama yake Lesian amekuja, kama anavyokuja kila tarehe mosi. Jina lake ni Naserian. Anatoka kwao upande wa magharibi wa mlima, anashuka stendi, anatembea hadi hapa Kaloleni. Mchungaji wao alishapendekeza ibada ya kumkumbuka, amekataa. Hajanyoa nywele kwa msiba. Anasema hawezi kumlilia mtu ambaye huenda ana njaa mahali.

"Shikamoo, yeyo," nikasema, kwa neno lao la mama.

"Marahaba. Mmesikia lolote?"

"Bado, mama."

Mashine ilikuwa mezani, nilikuwa nahakiki namba 63. Sikuwahi kuizima. Mluzi ukatoka kwenye spika. Mama hakuitazama mashine. Aligeukia mlango, akasimama, akanyoosha shuka lake begani kama mtu anayempokea mgeni. Alisimama hivyo mpaka ndege alipoanza kulia. Ndipo akakaa.

Nilimweleza. Alisikiliza yote, kisha akauliza, "Miluzi iko mingapi?"

"Itakuwa mia mbili themanini na sita."

"Mia mbili themanini na sita," akarudia, "na hakuna hata mmoja ambao ni wake wa leo."

Jumanne, 6 Aprili
Pasaka imepita. Kisioki ameanza na mashine msituni, njia ya juu ya Akheri. Daftari limejazwa vizuri kuliko nilivyotarajia.

Jumatano, 14 Aprili
Mvua siku nzima. Mlima hauonekani tangu Ijumaa. Kaseti ya 33. Umeme umekatika mara mbili.

Alhamisi, 15 Aprili
Mvua.

Ijumaa, 23 Aprili
Kisioki amerudisha mashine mapema. Alikuwa mkavu, mvua haikuwa imemkuta, lakini aliketi bila kunitania. Nimempa chai.

Anasema wanawake wa Akheri wanaokata majani ya ng'ombe pembeni mwa msitu wamemsimamisha. Wamemuuliza kwa nini wageni wake wanapiga mluzi ndani ya Bonde la Nyuki, mahali ambapo hata wawindaji hawashuki. Akawaambia leo hana wageni. Mmoja akamwambia asubiri. Wakasubiri, na ukaja, kutoka chini, kwenye ukungu. Noti tatu, ya tatu inashuka.

"Ni yeye, Ludo. Ule ule wa kwenye mashine yako."

Nilifikiri kwa dakika moja, nikapata jibu, na nilifurahi kulipata. Nikamweleza: kurumbiza huiga. Anaiga ndege wengine, anaiga mbuzi, anaiga mtu anayeita mbwa wake. Kisioki amekuwa akicheza mluzi ule msituni karibu wiki tatu, mara ishirini au thelathini kwa siku. Kurumbiza wa hapo ameushika. Kosa ni langu, niliyeuacha kwenye diski.

Kisioki akavuta pumzi, akapiga meza kwa kofi. "Kumbe! Nilishaanza kukumbuka dhambi zangu zote." Akanywa na chai yangu.

Jumatatu, 26 Aprili
Nafuta mluzi kwenye diski zote, mmoja mmoja. Ni kazi ya kubonyeza tu. Nimefika 90. Kila ninapobonyeza kufuta, mashine inauliza kama nina hakika.

Jumatano, 28 Aprili
Nimemaliza. Ofisi imekuwa kimya kuliko nilivyofikiri itakuwa.

Jumamosi, 1 Mei
Mama Naserian amekuja ingawa ni sikukuu na nilikuwa nimefungua mlango wa nyuma tu. Habari imemfikia kupitia soko la Tengeru.

"Wanasema mwanangu anaita."

Nikamweleza habari za kurumbiza, za mashine, za kosa langu. Niliongea kirefu. Aliniacha nimalize.

"Huyo ndege umemsikia kwa masikio yako?"

"Hapana, yeyo."

"Basi nenda ukamsikie, ndipo uniambie ni ndege."

Jumanne, 4 Mei
Nimepanda na Kisioki. Tulifika ukingo wa Bonde la Nyuki saa tatu asubuhi. Mvua ilikuwa imesimama lakini miti ilikuwa bado inadondosha. Ukungu ulijaa bondeni kama maziwa kwenye kibuyu, ukikatwa na vilele vya miti tu.

Tulikaa nusu saa. Kisha nikamsikia.

Kwanza aliimba wimbo wake mwenyewe. Kisha sauti ya dudumizi, bila kosa. Kisha ule mluzi. Kisioki alimwona kabla yangu: kifua cha rangi ya chungwa, mstari mweupe juu ya jicho, kwenye tawi lisilofika mita kumi chini yetu. Nilimtazama kwa darubini akifungua mdomo, na sauti iliyotoka ilikuwa ya mtu ninayemjua. Nilijua nilichokuwa naona. Nywele za shingo zilinisimama hata hivyo.

Alipiga mara nne mfululizo. Mara tatu za kwanza zilikuwa kamili. Ya nne ilikuwa na noti mbili, na pale penye noti ya tatu palikuwa na kitu kama hewa tupu. Akanyamaza. Akaanza tena: tatu kamili, ya nne imekatika pale pale.

Nilimwambia Kisioki, "Umeona? Ni ndege."

Alikuwa ananitazama kama mtu aliyekumbuka ameacha jiko linawaka.

"Ludo. Mimi huku sijawahi kuleta mashine."

"Labda umesahau."

"Wewe ndiye mwenye daftari."

Jumatano, 5 Mei
Nimelisoma daftari la mashine mstari kwa mstari. Njia ya juu ya Akheri, mara kumi na moja. Njia ya mtoni, mara sita. Bonde la Nyuki, hakuna. Mahali pa karibu kabisa ni mgongo wa pili, ng'ambo ya mto, mwendo wa saa nzima. Spika ile haisikiki hata mita mia.

Na kurumbiza hahami. Nimetafuta kaseti ya 19, ambamo Lesian anasema haya kwa sauti yake kabla ya kurekodi: "Hawa wawili niliwaacha kichaka hiki hiki mwaka juzi. Kurumbiza akipata kichaka chake, atazeekea hapo."

Pia kila mluzi uliomo kwenye kaseti ni mmoja tu na ni kamili. Nimesikiliza tena zote ambazo zina nafasi ya shaka. Hakuna mahali anapopiga mara nne. Hakuna mahali noti ya tatu inapokatika.

Kwa hiyo ndege yule hakufundishwa na mashine. Ndege hajifunzi kitu kwa kukisikia mara moja. Mtu alikaa karibu na kichaka chake, akapiga mluzi siku baada ya siku, pumzi ikimwishia.

Niliandika hayo saa nne asubuhi, kisha sikufanya kazi nyingine mpaka saa sita. Nilijua kitabu kingine ninachopaswa kukifungua. Kilikuwa kwenye droo ya chini: daftari langu la kumtafuta Lesian. Nanakili hapa neno kwa neno, kwa kuwa ni mwandiko wangu.

"Jumamosi 28 Novemba, saa nne asubuhi. Bonde la Nyuki. Ukungu, hatukuweza kushuka. Tumeita jina lake kutoka ukingoni mara kumi. Hakuna jibu. Wenyeji wawili wanadai wanasikia mtu anapiga mluzi chini. Nimewaeleza ni kurumbiza. Bonde limekaguliwa."

Na pembeni nimeweka alama ya vema, kwa kalamu nyekundu.

Naikumbuka asubuhi hiyo. Walikuwa wakulima wawili wa Akheri, walioacha shughuli zao kutusaidia. Mmoja alisema, "Mwalimu, huyo ni mtu." Mimi nikatabasamu. Nilikuwa nimejifunza habari za kurumbiza kutoka kwa Lesian mwenyewe, ofisini, akila andazi, na nilijisikia mtaalamu. Mtu asiyejua lolote kuhusu ndege angesikia mtu. Sisi wa kazi ya ndege tulisikia ndege. Kesho yake nilimpa Bwana Melkizedeki ramani yenye alama za vema kila mahali, naye akasimamisha msako.

Alhamisi, 6 Mei
Nimemweleza Bwana Melkizedeki kila kitu. Alizungusha funguo za gari mezani.

"Una uhakika gani?"

"Sina. Nina madaftari mawili."

"Ukiwa umekosea, utamfufulia yule mama kidonda bure. Na ukiwa hujakosea, Ludo, umefikiria watu watasemaje juu ya kampuni?"

Nikamwambia mama ameshaniuliza swali, na jibu linangojwa.

Akatoa gari. Lazima niandike kwamba alilitoa, na kwamba aliliendesha mwenyewe.

Ijumaa, 7 Mei
Tulimchukua mama kwake alfajiri. Alipanda mpaka ukingoni bila kushikwa mkono, akaketi juu ya jiwe lenye maji. Kurumbiza alichelewa. Kisioki alianza kunong'ona kwamba labda mvua imemhamisha, mama akamwambia anyamaze.

Ukaja. Tatu kamili na ya nne imekatika.

Mama Naserian alifumba macho. Baada ya mara ya pili alisema, bila kututazama:

"Baba yao aliwafundisha wanangu wakichunga ng'ombe. Mara moja, niko hapa. Mara nne, njooni, ng'ombe ameanguka."

Akaweka vidole viwili mdomoni, akajibu. Sikujua kwamba kuna jibu. Lilikuwa refu, linapanda, na bonde lote likanyamaza: kurumbiza, dudumizi, hata vyura. Tulingoja. Nilijikuta nangoja kweli, mimi niliyeandika yote yale, nikiwa nimeinua shingo.

Hakikurudi kitu.

"Shukeni," akasema. "Leo kuna maji mengi. Shukeni kesho."

Jumapili, 9 Mei
Tumempata.

Tulikuwa wanaume saba wenye mapanga na kamba. Wawili walikuwa wale wale wa Novemba, mmoja wao aliyeniita mwalimu. Hakunikumbusha. Jana hatukufika. Leo saa tano tulifika chini ya jabali, kuna kishimo kama pango la mbwa. Viatu vyake vilikuwa vimewekwa sambamba, kama vya mtu aliyelala nyumbani kwake. Darubini ilikuwa imewekwa juu ya mzizi. Mfupa wa mguu wa kulia ulikuwa umevunjika, na umefungwa kijiti kwa mkanda wa darubini, vizuri, kwa fundo la mtu asiye na haraka. Kulikuwa na maganda ya matunda ya mwituni, lundo dogo. Niliyahesabu, kisha nikaacha kuhesabu.

Juu ya kishimo kuna kichaka. Kurumbiza alikuwemo. Alituimbia muda wote tuliokuwa tunamfunga Lesian kwenye turubai, na Kisioki alimrushia jiwe, kisha akakaa chini akalia.

Jumatano, 12 Mei
Polisi wamemaliza. Daktari anasema aliishi baada ya kuanguka, siku kadhaa, hawezi kusema ngapi.

Mama amenyolewa.

Ijumaa, 14 Mei
Mazishi kesho. Bwana Melkizedeki amenunua mbao na rangi ya msalaba, na kwa kuwa mwandiko wangu ni mzuri nimepewa mimi kuandika. Tulikaa uani kwa Mama Naserian, jina nikalimaliza, mwaka wa kuzaliwa nikaumaliza. Nikafika tarehe ya kufa.

"Andika ishirini na nne Novemba," akasema Bwana Melkizedeki. "Siku aliyopotea. Kila mtu anaijua hiyo."

Mchungaji akaafiki. Mama akauliza, "Ludovick, wewe unayeandika kila kitu. Ni ishirini na nne?"

Ningeweza kusema ndiyo. Brashi ilikuwa imeshashika rangi.

"Hapana, yeyo. Tarehe ishirini na nane alikuwa hai."

"Umejuaje?"

"Nilimsikia."

Nikamwambia. Ukingo, ukungu, wale wakulima wawili, kurumbiza, kalamu nyekundu. Nilimwambia kwa mpangilio, kwa kuwa sijui namna nyingine. Bwana Melkizedeki alitazama viatu vyake. Mama Naserian hakupiga kelele. Alikuwa anachambua majani ya kunde kwenye ungo, mikono yake ikasimama, ikaanza tena, ikasimama.

"Alikuwa anapiga vizuri?" akauliza mwishoni. "Au ilikuwa inakatika?"

Nilijitahidi kukumbuka. Nilijitahidi kuliko nilivyowahi kujitahidi kwa jambo lolote.

"Sikusikiliza, mama."

Akatikisa kichwa taratibu. "Basi andika ishirini na nane. Siku nyingine za kule chini hakuna anayezijua. Hiyo moja alikuwa na mtu wa kumsikia."

"Lakini mama," akasema mchungaji kwa upole, "huenda hakufa siku hiyo."

"Najua hakufa siku hiyo," akasema. "Huyu pia anajua."

Akanisogezea kopo la rangi kwa mguu. Nikaandika 28, kwa tarakimu kubwa sawa na herufi za jina, na alikaa akiniangalia mpaka ikakauka.